Kabla ya Kutupa: Somo la Kuthamini, Kutunza na Kutengeneza Mali Zetu

Chini ya kitanda, juu ya kabati au nyuma ya mlango wa stoo, kaya nyingi zina sanduku lisilo na jina. Ndani yake mna simu isiyowaka, chaja iliyokatika shingo, redio iliyonyamaza na tochi iliyovujiwa na betri. Vitu hivyo havitumiki tena, lakini hakuna aliyethubutu kuvitupa, kwa kuwa kila mmoja nyumbani anakumbuka vilinunuliwa kwa shida gani. Somo hili linahusu sanduku hilo: jinsi linavyojaa, gharama yake kwa kaya, na namna mlaji, yaani mtumiaji wa bidhaa na huduma, anavyoweza kulizuia lisijae.

Tuchukue mfano wa kaya moja ya Nakwa, mjini Babati. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, ila msomaji ataona kwamba hauko mbali na nyumba yake. Mama na binti yake aliye kidato cha nne wanaishi katika nyumba ambayo bado haijaunganishwa na umeme. Kila baada ya kuuza mbaazi, mama hununua taa ndogo ya sola mnadani, na kila taa hudumu miezi sita hivi. Taa ya mwisho ilizimika mwezi Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Fedha za mbaazi zilikwishatumika kwa sare na mahitaji mengine ya shule. Binti akarudi kusoma kwa koroboi, huku moshi ukimwingia machoni.

Usiku mmoja alifungua sanduku la stoo, akatoa taa tano na kuzipanga mezani. Zote zilikuwa za aina moja.

"Mama," aliuliza, "hizi zote zimekufa kwa ugonjwa mmoja?"

Mama hakuwa na jibu. Swali la binti huyu ndilo msingi wa somo letu.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma sura hii, mlaji ataweza:
(a) kueleza kwa nini vifaa vingi huharibika mapema;
(b) kukokotoa gharama halisi ya kifaa kabla ya kukinunua;
(c) kumuuliza muuzaji na fundi maswali yanayomlinda;
(d) kutambua vitu visivyofaa kutengenezwa, na
(e) kufahamu haki zake na mahali pa kuzidai.

1. DESTURI TULIYOKUWA NAYO

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka uliochakaa. Methali hii inamtahadharisha mtu asitupe kilicho chake kwa kuvutiwa na kilicho kizuri ambacho hakitakaa naye. Haimaanishi kwamba kitu kikuukuu ni bora kuliko kipya. Inamtaka mtu apime kwanza.

Kupima huko kulikuwa desturi ya kawaida katika nchi yetu. Tairi lililokwisha liligeuzwa kuwa katambuga. Kopo la maziwa au dawa liligeuzwa kuwa koroboi. Jembe lililokatika mpini lilitiwa mpini mwingine, na nguo iliyochanika ilitiwa kiraka na fundi cherehani. Hadi leo, wahunzi wa Kidatoga walio karibu na Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, huyeyusha makufuli na koki za bomba zilizochakaa wakatengeneza bangili, na misumari mikubwa huigeuza kuwa vichwa vya mishale. Kwa mhunzi, kufuli bovu bado ni shaba.

Watu hao hawakufanya hivyo kwa sababu ya umaskini peke yake. Walijua kila kitu kimeundwa kwa nini, kinafunguka wapi, na ni nani aliye karibu anayeweza kukirekebisha. Maarifa hayo ndiyo yanayotutoka, na yanapotutoka, hata mtu mwenye fedha hujikuta hana uwezo mbele ya kifaa kilichozimika.

2. KWA NINI VITU HUFA MAPEMA?

Babati ni njia panda. Barabara za kutoka Arusha, Singida na Dodoma hukutana hapo, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, mizigo hufika kwa wepesi zaidi. Hili ni jambo jema: mlaji ana bidhaa nyingi za kuchagua na bei zimetofautiana. Lakini barabara hiyohiyo iletayo kifaa imara huleta pia kifaa dhaifu, na mezani kwa muuzaji viwili hivyo huweza kufanana kama mapacha.

Sababu kuu za vifaa kufa mapema ni nne.

Kwanza, kifaa kimeundwa kisifunguliwe. Badala ya skrubu, jumba lake limebanwa kwa gundi. Betri, ambayo kwa kawaida ndiyo huchoka kabla ya sehemu nyingine, imefungiwa ndani. Betri ikichoka, taa nzima huhesabiwa kuwa imekufa, ingawa kioo cha sola, balbu na swichi bado ni vizima. Hili ndilo jibu la swali la binti wa Nakwa: yaelekea taa zake zote tano zilikufa kwa ugonjwa mmoja, nao ni betri isiyofikika.

Pili, kifaa ni bandia au hakikukidhi viwango. Mwaka 2016 Watanzania walijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwezi Juni mwaka huo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisimamia uzimaji wa simu bandia katika mitandao yote ya nchi. Aliyekuwa amenunua simu ya namna hiyo alibaki na kitu ambacho hakuna fundi wa kukiponya.

Tatu, vipuri havipatikani. Kifaa kinaweza kuwa kizuri na kufunguka vyema, lakini ikiwa kipuri chake hakipo Babati wala Arusha, mmiliki wake hana tofauti na aliyenunua kifaa kibovu.

Nne, matunzo yetu wenyewe ni hafifu. Simu huwekwa juani ikiwa inachajiwa, waya wa pasi huvutwa kwa mkono badala ya kushikwa kichwa cha plagi, na mnyororo wa baiskeli haupakwi mafuta mpaka ukatike. Kosa dogo halirekebishwi likiwa dogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Si kila mara kifaa hufa mapema kwa bahati mbaya. Mwaka 1924, wakuu wa makampuni makubwa ya balbu duniani walikutana mjini Geneva na kuunda umoja uliojulikana kwa jina la Phoebus. Miongoni mwa waliyokubaliana ni kwamba balbu ya kawaida isidumu zaidi ya saa 1,000, ilhali walikwishaweza kutengeneza balbu za kudumu kuliko hapo. Kampuni iliyokiuka ilitozwa faini. Umoja huo ulisambaratika zamani, lakini historia yake inamfundisha mlaji kwamba umri wa kifaa ni uamuzi wa mtengenezaji, na mnunuzi ana haki ya kuuulizia.

3. HESABU YA GHARAMA HALISI

Bei iliyobandikwa dukani ni sehemu tu ya gharama. Gharama halisi hupatikana kwa kanuni hii:

Bei ya kununulia + gharama za matengenezo, gawanya kwa idadi ya miezi ambayo kifaa kitatumika.

Tutumie taa za sola kama mfano. Bei zilizotajwa hapa ni za kufanyia hesabu tu. Msomaji aweke bei za soko lake.

Taa A inauzwa shilingi 12,000. Imebanwa kwa gundi na hudumu miezi 6. Katika miezi 36, kaya itanunua taa 6, sawa na shilingi 72,000. Gharama yake ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Taa B inauzwa shilingi 30,000. Hufungwa kwa skrubu na betri yake hubadilishwa. Katika miezi 36, kaya itanunua taa 1, betri moja ya shilingi 8,000 na kubadilisha swichi kwa shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 40,000. Gharama yake ni shilingi 1,111 hivi kwa mwezi.

Tofauti ni shilingi 32,000, fedha ambazo zingetosha kununua Taa B nyingine na chenji ikabaki. Zaidi ya hayo, kaya ya kwanza imekaa gizani mara tano ikisubiri kupata fedha za taa nyingine.

Msomaji anaweza kusema, "Nayajua hayo yote, lakini leo mfukoni mwangu mna shilingi 12,000 tu." Hoja hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Mwenye kipato kidogo hulazimika kununua rahisi mara nyingi, na hivyo hulipa zaidi ya mwenye nacho. Zipo njia za kupunguza mzigo huo: kukopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopeshana kama VICOBA kwa ajili ya kifaa kimoja imara, kukubaliana na muuzaji mwaminifu kulipa kidogo kidogo na kuandikiana, au kununua kifaa imara kilichotumika, kilichokaguliwa na fundi unayemwamini. Njia hizi huhitaji subira, lakini kila moja humtoa mlaji katika mzunguko wa kununua na kutupa.

4. DUKANI: MASWALI MATANO

Wengi wetu huuliza swali moja tu dukani: "Bei gani?" Ongeza haya matano.

(i) Kikiharibika, ni nani hapa mjini anayekitengeneza?
(ii) Betri, waya au mpira wake hubadilishwa? Nionyeshe panapofunguka.
(iii) Vipuri vyake unaviuza wewe, au vinapatikana wapi?
(iv) Dhamana yake ni ya muda gani, inahusu nini, na imeandikwa wapi?
(v) Kina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS)?

Mweleze pia muuzaji kazi unayotaka kifaa kifanye: "Nataka taa ya kusomea saa nne kila usiku," au "Nataka pampu ya kuvuta maji kutoka kisima cha kina hiki." Maelezo hayo yana uzito kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayokusudia, na kutegemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inatakiwa kufaa kwa kiasi cha kuridhisha kwa matumizi hayo.

Dai risiti ya EFD na uitunze pamoja na kadi ya dhamana. Ikiwa unanunua simu, bonyeza *#06# kabla ya kulipa ili uone namba yake ya utambulisho, kisha itume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halisi.

5. KWA FUNDI: MAKUBALIANO KABLA YA KAZI

Watu wengi hutupa kifaa kwa sababu waliwahi kuumizwa na fundi: kifaa kilikaa wiki tatu, kikarudi kibovu kuliko kilivyokwenda, au kikarudi kimenyofolewa kipuri kizuri. Malalamiko hayo yapo. Vilevile wapo mafundi wengi hodari ambao hupoteza wateja kwa sababu tu makubaliano yalifanywa kwa mdomo na kila upande ukakumbuka lake. Utaratibu ufuatao huwalinda wote wawili.

Eleza dalili badala ya kutoa hukumu. Usiseme, "Badilisha betri." Sema, "Inawaka dakika kumi kisha inazimika." Mara nyingine tatizo ni dogo kuliko unavyodhani. Simu isiyopokea chaji, kwa mfano, huenda ina vumbi lililojaa kwenye tundu la kuchajia.

Omba uchunguzi kwanza, kazi baadaye. Ulizia gharama ya uchunguzi, na mkubaliane kwamba fundi hatanunua kipuri kabla ya kukupigia simu.

Andikeni. Karatasi moja yatosha: aina ya kifaa, tatizo, bei, tarehe ya kukichukua na muda wa dhamana ya kazi. Kwa simu, andika namba yake ya utambulisho, na toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kuiacha.

Omba urudishiwe kipuri kilichotolewa. Hicho ni ushahidi kwamba kimebadilishwa kweli.

Jaribu kifaa mbele ya fundi kabla ya kulipa kiasi kilichosalia.

Ukitafuta fundi mpya, uliza alikojifunza. Wapo waliopita vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), na wapo waliojifunzia kazini. VETA huwapima mafundi waliopata ujuzi nje ya mfumo rasmi na kuwatunuku vyeti wanaofaulu, hivyo kukosa kusoma chuoni si kukosa ujuzi.

6. SI KILA KITU KITENGENEZWE

Uaminifu unatutaka tuseme wazi kwamba kuna wakati ambapo kutengeneza ni hatari au ni hasara.

Usitengeneze na usiruhusu kutengenezwa mtaani: mtungi wa gesi unaovuja au uliobonyea (mrudishe wakala wa kampuni husika), betri ya simu iliyovimba (usiitoboe wala kuiweka juani, kwani yaweza kuwaka moto), kofia ngumu ya bodaboda iliyopasuka, na tairi ambalo nyuzi zake zimeanza kuonekana. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa fyuzi yenye kiwango kilekile. Kuweka kipande cha waya mahali pake ni kuondoa mlinzi wa nyumba.

Kwa vitu vingine, kipimo rahisi chaweza kumsaidia mlaji: ikiwa matengenezo yatazidi nusu ya bei ya kifaa kipya kilicho imara, na fundi hawezi kutoa dhamana ya kazi, fikiri mara mbili. Hata hapo, muulize fundi kama atanunua mabaki kwa ajili ya vipuri.

7. KINACHOTUPWA KINAKWENDA WAPI?

Kitu kilichotupwa hakipotei. Nakwa na mji mzima wa Babati vina Ziwa Babati, lenye viboko na samaki, na ambalo watu huvua humo. Mvua ikinyesha, maji hutiririka kuelekea mabondeni, yakibeba kilichoachwa mitaroni na majalalani. Betri za gari na pikipiki zina risasi na asidi, na vifaa vya kielektroniki huweza kuwa na metali zenye sumu. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye madhara kwa anayechoma na kwa majirani. Kwa hiyo usivichome wala kuvifukia vifaa hivi shambani. Vitenge na taka nyingine, kisha uulize ofisi ya mazingira ya halmashauri mahali pa kuvipeleka.

Tatizo hili ni la dunia nzima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nchi nyingine zimeanza kuchukua hatua. Ufaransa, mwaka 2021, ilianza kutaka baadhi ya vifaa, zikiwamo simu za kisasa, vionyeshe dukani alama ya urahisi wa kutengenezwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kuhimiza matengenezo ya bidhaa. Sisi hatuna sababu ya kusubiri alama hiyo ibandikwe ndipo tuanze kuuliza.

8. HAKI ZAKO

Miongoni mwa haki za mlaji zinazotambulika kimataifa ni haki ya kupata taarifa sahihi, haki ya usalama, haki ya kuchagua, haki ya kusikilizwa na haki ya kufidiwa. Nchini, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha au kumhadaa mlaji. Muuzaji akikuhakikishia kwamba vipuri vipo ilhali anajua havipo, amekupotosha. Na maandishi ya "Mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani hayafuti haki ya mlaji aliyeuziwa bidhaa mbovu.

Ukikumbwa na tatizo, fuata hatua hizi. Mrudie muuzaji mapema ukiwa na risiti na kifaa chenyewe. Asipokusikiliza, mwandikie na ubaki na nakala. Kisha peleka lalamiko kwa mamlaka inayohusika: Tume ya Ushindani kwa udanganyifu na bidhaa bandia, TBS kwa bidhaa isiyokidhi viwango, na TCRA kwa masuala ya mawasiliano. Afisa biashara wa halmashauri yako aweza kukuelekeza mahali pa kuanzia.

TURUDI NAKWA

Asubuhi iliyofuata, mama alizifunga zile taa tano katika kanga na kuzipeleka kwa fundi wa redio.

"Shikamoo mama," fundi alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea maiti tano. Nitazamie kama kuna hata mmoja anayepumua."

Fundi alizipasua kwa uangalifu. Betri zote zilikuwa zimekwisha, ila vioo vya sola vinne vilikuwa vizima na balbu zote ziliwaka. Walikubaliana bei, wakaiandika, na kwa gharama ya betri moja mpya pamoja na ujira wa fundi, taa moja ilirudi nyumbani siku hiyohiyo. Jumba lake lilizungushiwa utepe mweusi na halikupendeza machoni. Lakini liliwaka mpaka siku ya mwisho ya mtihani, na koroboi ikarudishwa rafuni.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI

1. Fungueni sanduku la vitu vibovu nyumbani kwenu. Orodhesheni kila kifaa, bei yake na muda kilioutumikia. Jumla ya fedha iliyolala humo ni kiasi gani?
2. Ni vifaa vipi kati ya hivyo vilikufa kwa ugonjwa mmoja?
3. Chagueni kifaa kimoja kinachoweza kutengenezwa na kimoja kinachopaswa kutengwa kwa usalama. Toeni sababu.
4. Kokotoeni gharama halisi ya kifaa mnachokusudia kununua msimu huu wa mavuno, kwa kutumia kanuni ya sehemu ya tatu.
5. Nani katika mtaa wenu ana ujuzi wa kutengeneza vitu, na vijana wangapi wanajifunza kwake?